Njia ya Pulla

Huku kwetu Marekani, kando ya Ziwa Superior, theluji haiji kutembea, inahamia. Inaingia mwezi wa kumi na moja na mizigo yake yote, na ukiiona inafunga virago ujue ni mwezi wa nne, na hata hapo inaondoka shingo upande. Watu wamejifunza kuishi nayo kama unavyoishi na mkwe mkorofi: unamfagilia njia, unafunga mdomo, unasubiri siku zake ziishe. Waliokataa kujifunza ni mbwa. Sisemi mbwa wa kazi, wale wanaolala nje na barafu kwenye masharubu. Nasema hawa wetu wa ndani, wa kwenye makochi.

Katika nyumba ya Arne na Doreen Kivela mbwa aliitwa Pulla, jina la mkate mtamu wa iliki ambao Doreen aliuoka kila Jumamosi, kwa sababu alikuwa na rangi ya mkate huo ukiiva na, tuseme ukweli, umbo lake pia. Alikuwa na fulana tatu za sufu zilizofumwa na Doreen mwenyewe, na viatu vinne vidogo ambavyo alivikataa siku ya kwanza. Ukimvisha alisimama palepale kama meza, hasogei mbele wala nyuma, mpaka ulipoona aibu ukamvua. Na alikuwa na kengele.

Kengele hiyo ilifungwa kwa utepe kwenye kitasa cha mlango wa nyuma. Mtaa mzima wanazo. Unamfundisha mbwa aigonge kwa pua akitaka kwenda haja, kisha akimaliza unampa kipande cha ini lililokaushwa, na jioni unawasimulia wageni jinsi mbwa wako alivyo na akili. Majira ya baridi ya kwanza Pulla aligonga, akatoka, akamaliza, akala ini. Ya pili akagundua kwamba ini linafuata mlango, si haja, akawa anatoka hatua mbili na kurudi. Ya tatu akajua kwamba akiinua mguu mmoja wa mbele na kuutetemesha kidogo, atabebwa. Ya nne akajifunza kuitazama theluji, kumtazama Arne, kuitazama theluji, kumtazama Arne, mpaka Arne akaenda kuchukua beleshi. Tangu hapo hakukubali tena kujisaidia ila mwisho wa njia iliyochimbwa, hatua kumi na sita kutoka ngazini mpaka kwenye kichaka cha maua, na pale mwisho pawe na duara lililokwanguliwa mpaka nyasi zionekane. Hakuna nyasi, hakuna haja. Kufikia majira ya sita Arne alikuwa amefundishika kabisa.

Haya yote yalikuwa kichekesho mpaka mwezi wa kumi na moja, siku Arne aliposhika kifua akiwa mezani, akapelekwa hospitali, wakamzibua mshipa mmoja wa moyo. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Daktari, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi, aliwaketisha wote wawili.

"Bwana Kivela, msimu huu beleshi usiliguse."

"Hata kidogo?"

"Hata kwa mguu. Baridi na beleshi ndivyo vinavyotujazia chumba cha maiti mwezi wa kwanza. Nikisikia umelishika, nitajua umechoka kuishi."

Arne aliitikia kwa kichwa. Doreen alikuwa anaikunja mikono ya koti lake na kuikunjua. Baba yake mzazi walimkuta amelala mbele ya gereji yake, kofia bado kichwani, beleshi mkononi, na mlango wa gereji umeshafikiwa. Watu walisema msibani kwamba angalau aliimaliza kazi.


Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza Doreen alitoka bafuni na taulo kichwani, akachungulia dirisha la jikoni, akaona njia. Ilikuwa imenyooka, kingo zake zimekatwa wima, na mwisho wake nyasi. Pulla alikuwa kwenye kochi analamba midomo. Arne alikuwa mezani, gazeti mbele ya uso.

"Nani amechimba?"

"Amechimba nini?"

"Arne, usinifanye mtoto."

"Ilikuwa theluji laini. Unga tu."

"Unga! Unga ulikuwa umefika kwenye ukingo wa dirisha!"

"Sikuinua. Nilisukuma. Kusukuma si kuinua."

"Daktari alisema usiguse."

"Mbwa amegonga kengele, Dori. Ulitaka nimwambie nini? Arudi alasiri, daktari wangu hajaruhusu?"

Doreen alilishusha gazeti kwa kidole. Uso wa mumewe ulikuwa mwekundu kwenye mashavu na mweupe kuzunguka mdomo. Hofu ikamshika, na kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyejua kusema nimeogopa, akasema, "Umeingia na viatu vyenye theluji kwenye sakafu yangu." Kisha akapiga magoti akapangusa maji ambayo yalikuwa machache sana.


Jumatano zikaanguka inchi tisa nyingine. Doreen aliamka mapema makusudi, ashike beleshi yeye kabla mumewe hajafungua macho, ingawa katika ndoa ya miaka arobaini na minne hajawahi kulishika. Yeye alikuwa wa jikoni, nyumbani na kazini, mpishi wa shule ya msingi, watoto mia mbili kila mchana. Nje kulikuwa kwa Arne. Lakini alipofungua mlango akakuta kazi imekwisha.

Alikuwa Delbert Niemi, jirani wa upande wa kulia, dereva mstaafu wa malori aliyefiwa na mke. Alikuwa amepita na mashine yake kubwa ya rangi ya chungwa, ile inayomeza theluji na kuirusha pembeni. Alisafisha njia ya gari, akasafisha mbele ya mlango, kisha akaizungusha mashine nyuma ya nyumba akakata njia ya Pulla mpaka kichakani, na pale mwisho akakwangua duara la nyasi kwa mkono. Miaka yote hiyo alikuwa akimchungulia Arne kwa juu ya ua unaotenganisha viwanja vyao, akajua linavyotakiwa liwe. Hakubisha hodi. Huku mtu habishi hodi kukwambia amekusaidia. Amekusaidia, ameondoka, nawe ukikutana naye dukani unamuuliza habari za samaki.

Na malipo yake yanajulikana. Unaoka kitu, unakipeleka kingali cha moto, unasema, "Nimeoka kingi mno, kitaharibika." Naye anasema, "Ah, usingejisumbua." Basi, yamekwisha. Kwa miaka ishirini na sita Arne alikuwa akimnolea Delbert misumeno yake, na Delbert akimletea samaki wa moshi kwenye karatasi ya gazeti, na hakuna siku hata moja mtu aliyesema hiki ni kwa ajili ya kile.

Arne alisimama dirishani na kahawa yake. Pulla alitoka, akaikagua njia pande zote, akaipitisha.

"Ameipinda," Arne akasema.

"Nini?"

"Njia. Tazama pale katikati. Imepinda."

"Mbwa hajalalamika."

"Mbwa ana adabu."

Doreen alicheka, akadhani yameishia hapo. Mchana akaenda kanisani kusaidia kuosha vyombo vya mazishi ya mtu, akarudi, akapasha mchuzi wa nyama na viazi. Walikuwa wanakula, Doreen hana hili wala lile, Arne akasema huku anavunja mkate, "Nimemalizana na Delbert."

"Umemalizana naye vipi? Mbona sijaoka?"

"Nimemwekea bahasha mlangoni. Dola ishirini. Nikaandika juu, kwa kazi."

Doreen akaweka kijiko chini. "Umemlipa? Delbert?"

"Wale wanaopita na matangazo yao wanataka thelathini. Nimetoa ishirini kwa kuwa ni rafiki."

"Yaani umemlipa, na bado ukampunja! Mungu wangu. Arne, yule si kibarua."

"Basi asifanye kazi ya kibarua nyumbani kwangu. Leo ananifagilia theluji, kesho atanishika mkono kunivusha barabara. Sitaki."

"Hutaki nini?"

Arne alimega mkate mwingine. Aliendelea kutafuna. Chini ya meza Pulla aliinua mguu wake wa mbele, akautetemesha, akapewa kipande cha nyama.

Asubuhi Doreen alikuta bahasha ileile kwenye sanduku lao la barua. Noti ilikuwa ndani. Hapakuwa na neno lolote, si kwa kalamu wala kwa mdomo. Na Ijumaa theluji ilipoanguka tena, mashine ya rangi ya chungwa ilikuja mpaka kwenye mpaka wa viwanja viwili, ikageuka palepale kwenye mstari, ikarudi kwake. Ungepima kwa rula usingeona kosa.

Jumamosi Doreen alikutana na Delbert dukani, kwenye rafu ya kahawa. Delbert aligusa ncha ya kofia yake akasema, "Doreen." Hakumuuliza habari za Arne. Mtu ambaye alimpeleka Arne hospitali kwa gari lake mwenyewe! Doreen akajikuta anasoma maandishi ya kopo la kahawa asiyoinywa. Alirudi nyumbani masikio yanamwaka kwa aibu.

"Kosa ni lako," alimwambia Arne kabla hajavua koti. "Na samahani itakuwa yako. Maisha yangu yote nimekuombea radhi, kwa dada zako, kwa mchungaji, kwa yule fundi wa bomba. Hii sikuombei. Mpigie simu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ulikosea. Mwambie unahitaji msaada."

Arne aliinyanyua simu, akaiangalia kama mtu anayeangalia dawa chungu, akairudisha. "Atakuwa analala," akasema. Ilikuwa saa tano asubuhi.


Doreen akajitwisha mambo. Alilificha beleshi nyuma ya kuni kwenye kibanda cha sauna, cha kuogea mvuke, na akatangaza kwamba tangu siku hiyo kengele ikilia anayeitika ni yeye. Na kengele ililia! Jumatatu peke yake ililia mara kumi na moja. Kila mara alivaa suruali ya pili, koti, kofia, glavu, mabuti, akatoka, Pulla akasimama ngazini, akanusa hewa, akarudi ndani kudai ini. Mara ya kumi na moja Doreen alimwambia, "Wewe si mbwa, wewe ni msimamizi wa kiwanda."

Jumanne alasiri alikuwa na mikono ndani ya unga mpaka vifundoni. Kengele ikalia.

"Nakuja!"

Ikalia tena, mara mbili, taratibu.

"Nakuja nimesema, ngoja nitoe mikono!"

Alikwenda na unga ukimdondoka vidoleni. Akampita Pulla. Pulla alikuwa kwenye kochi amelala chali, miguu minne juu, anakoroma. Doreen akasimama. Akachungulia kwenye ujia wa mlango wa nyuma, akamwona mumewe amesimama na soksi, kidole kwenye kengele.

Wakaangaliana.

"Nilikuwa naangalia utepe," Arne akasema. "Unaanza kuchakaa."

"Utepe."

"Ndiyo."

Doreen alianza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ukutani, akaacha alama ya unga. Kisha akaona kwamba Arne hacheki, na masikio yake yamekuwa mekundu, naye akanyamaza.

"Arne, unamwita nani?"

"Simwiti mtu." Aliuachia utepe. "Miaka thelathini na nane king'ora cha bandari kiliniita. Usiku, mchana, theluji, kikilia naenda. Nikastaafu. Simu ikilia sasa ni yako. Watoto wakipiga wananiuliza hali kisha wanasema nipe mama. Huyu mbwa..." Alielekeza kidevu kwenye kochi. "Nilijua tangu mwanzo kwamba ananichezea, Dori. Mguu haumwumi. Unadhani mimi mjinga? Lakini anaponiangalia vile, ananitaka mimi. Wewe ukienda hafanyi. Akitoka na wewe anarudi bure."

"Kwa hiyo utakufa ili mbwa akojoe."

"Sijasema nitakufa."

"Baba yangu pia hakusema."

Doreen alitaka kumshika, lakini mikono ilikuwa na unga, na wao si watu wa kushikanashikana mchana. Alirudi jikoni akaukanda ule unga muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Alimhurumia sana, na hasira yake haikupungua. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.


Dhoruba ilifika Jumapili baada ya ibada na haikukata mpaka Jumanne alfajiri. Ilipotulia, gari la Arne lilikuwa limekuwa kilima, na barabara yenyewe haikuonekana ilipo. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa kuusukuma na bega. Pulla alitazama ukuta mweupe uliosimama mbele yake, akamtazama Arne, akarudi akaketi.

Tangu Jumatatu mchana alikuwa hajajisaidia. Doreen alimtandikia magazeti bafuni, akayakalia. Akamwekea kipande cha nyasi za plastiki kutoka kwenye pambo la Pasaka; akamwangalia Doreen kwa macho ya mtu aliyetukanwa. Saa tatu asubuhi alianza kulia kwa sauti nyembamba na kuzunguka mlangoni.

"Mpigie Delbert," Doreen akasema.

Arne alisimama karibu na simu.

"Arne, mbwa atapasuka kibofu. Mpigie."

"Ana kazi zake leo. Theluji ya leo kila mtu ana yake."

"Basi kaa hapo."

Doreen alikwenda kwenye sauna kwa kupasua theluji kwa magoti, akalitoa beleshi. Alikuwa na miaka sitini na minane na goti moja la kununua, la chuma. Alichimba hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Theluji ya juu ilikuwa nyepesi, ya chini nzito, imeshiba maji. Alivyoirusha ilimrudia. Upande wa pili wa ua mashine ya Delbert ilikuwa inanguruma, na mara moja akaona kofia yake ikipita, na kofia hiyo haikugeuka. Ya nne, ya tano. Jasho lilimtoka chini ya sufu. Katika ya sita alisimama kuvuta pumzi, akasikia mlango.

"Nipe," Arne akasema. Amevaa koti, hakufunga hata vifungo. "Unalishika vibaya. Utavunja mgongo."

"Rudi ndani."

"Dori, nipe beleshi."

"Ukilishika nitakuzika kwa mikono yangu, na sitalia!"

Lakini mikono yake ilikuwa imekwisha nguvu, naye Arne akalichukua kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akachota. Alichota vizuri, lazima niseme, kwa mgongo ulionyooka, akaitupa mbali, ukingo ukabaki wima. Mara ya pili. Ya tatu. Ngazini Pulla aliacha kulia na masikio yakasimama. Ya nne. Ya tano Arne aliiinua nusu, akaishusha, akalichomeka beleshi kwenye theluji kwa uangalifu, kisha akakaa chini.

Rangi yake ilikuwa ya majivu. Doreen alipiga magoti, akatafuta kichupa cha dawa ya moyo ya kupuliza ambacho tangu hospitali hakikutoka mfukoni mwake, vidole haviwezi, akavua glavu kwa meno, akamfungua mdomo mumewe akampulizia chini ya ulimi. "Pumua. Niangalie. Pumua, mwanamume wewe, pumua."

Upande wa pili mashine ilikuwa imesimama mahali pamoja, injini inaunguruma. Delbert alionekana kwa juu ya ua kuanzia kifuani, anatazama. Hakuvuka. Alikuwa ameambiwa na bahasha kwamba asivuke, na huku mtu aliyekatazwa anasubiri aitwe, hata nyumba iwe inaungua karibu. Doreen alifungua kinywa apige kelele. Arne akambana mkono.

Doreen alielewa kwamba anamzuia. Hata sasa! Machozi ya hasira yakamjaa, akataka kumpiga kofi palepale kwenye theluji. Mficha uchi hazai, na huyu alikuwa tayari kufa amejifunika.

"Delbert," Arne akasema.

Ilikuwa sauti ndogo, injini ikaimeza. Arne alivuta pumzi, uso ukakunjamana, akaita tena kwa yote aliyokuwa nayo.

"Delbert! Njoo, nisaidie!"

Injini ikazimika. Delbert Niemi, mtu mzito wa miaka sitini na sita, alipandisha mguu juu ya ua, akaangukia upande wao mpaka kiunoni, akaja akiogelea.


Walimketisha kwenye kiti cha jikoni, blanketi mabegani. Doreen aliitazama saa ya jiko. Walikuwa wameambiwa dawa hushika ndani ya dakika tano. Katika ya nne Arne alisema kifua kimeachia, na Doreen hakumwamini mpaka alipoona rangi inarudi kwenye midomo. Alipiga simu hospitali. Nesi akasema asiinuke bila sababu, asikae peke yake, barabara ikifunguka gari litakuja kumchukua akapimwe. Delbert alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, kofia gotini, inadondosha maji sakafuni. Doreen hakuyapangusa.

Kengele ikalia.

Wote watatu wakamgeukia Pulla. Aliigonga tena kwa pua, kwa nguvu, kama mtu aliyechoshwa na uzembe.

"Huyu hajajua kama kuna mgonjwa," Delbert akasema.

"Huyu anajua kila kitu," Doreen akasema.

Delbert akainuka, akatoka, akalichukua beleshi pale lilipochomekwa. Alichimba mpaka kichakani, akalikwangua duara. Kisha akafungua mlango, na Pulla akatoka, akapita njia yote kwa mwendo wa harusi, akafika kwenye nyasi, akageuka, akaitazama nyumba. Akangoja. Delbert akamwambia kitu. Akaangalia pembeni kumpa nafasi. Pulla akangoja.

"Anakutafuta wewe," Doreen akamwambia mumewe.

Arne aliinuka na blanketi lake, polepole, Doreen amemshika kiwiko, wakasogea mpaka kwenye kioo cha mlango. Hakutoka. Alisimama tu, mikono mitupu ndani ya blanketi, hana cha kufanya. Mbwa alimwona. Akainama, akajisaidia kwa muda mrefu sana, mvuke ukapanda, na macho hayakubanduka kwenye kioo.

"Bila beleshi," Arne akasema.

"Bila beleshi," Doreen akajibu.

Delbert aliingia, akakung'uta mabuti, hakuketi tena. Alikuwa anafunga zipu ya koti Arne aliposema, "Ile bahasha."

"Imeshapita."

"Haijapita. Nilikosa, Delbert."

Delbert aliangalia mabuti yake. Akatikisa kichwa kidogo, akashika kitasa. Doreen alikuwa kwenye sinki, mgongo kwao, anajifanya anaosha kikombe. Alimjua mumewe. Alijua kwamba samahani hiyo imemgharimu, na kwamba ameridhika nayo, na kesho alfajiri atakuwa kwenye sauna anapekua kuni. Kuomba msaada ukiwa umekaa chini kifua kimekubana, hata mtu wa chuma ataomba. Hofu ikipoa, ndipo utamjua mtu.

"Delbert."

"Eeh."

Arne akalivuta blanketi mabegani. Doreen akafunga maji.

"Redio inasema kesho inaanguka tena. Na Alhamisi."

"Nimesikia."

"Siwezi tena," Arne akasema. "Si leo tu. Simaanishi mpaka nipone. Siwezi."

Delbert aliivaa kofia yake iliyolowa, akaivuta mpaka masikioni.

"Saa moja asubuhi nitakuwa hapa," akasema, akatoka.

Doreen alibaki ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimchoma. Alikuwa ameliombea neno lile tangu siku ya hospitali, kila usiku, kwa jina la Arne na kwa jina la baba yake. Sasa lilipokuwa limesemwa, kwa mdomo wa mumewe mwenyewe, mchana kweupe, ndipo alipoona kwamba mumewe amezeeka.